Ukiona Ngora, Umetupita

Dereva, usikate simu. Sikiliza.
Mbale umeitoka saa ngapi?
Basi mlima Masaba uache mgongoni, usigeuke kuutazama.
Mlima ule hauishi. Utakufuata mpaka Bukedea
ukichungulia kwenye kioo chako cha pembeni
kama mdai.

Kachumbala usisimame, watakuuzia nyanya na maneno.
Bukedea simama. Jaza maji rejeta,
kaza upya kamba za hiyo mashine,
maana kutoka hapo barabara ni nzuri,
na barabara nzuri ndiyo huangusha mizigo.

Kumi ni mji.
Sisi huenda Kumi tukiitwa na karatasi:
cheti cha kuzaliwa, cheti cha kufa, barua ya mkopo.
Mjomba Ikwaput alikwenda kudai pensheni ya reli
akarudi na soksi.
Wewe usiingie ndani sana. Kata kushoto, shika njia ya Nyero.

Nyero utayaona mawe yamepandiana
kama watoto wanaochungulia harusi.
Chini yake kuna miviringo myekundu,
na wageni huja na kamera, huuliza nani kaichora.
Hatujui.
Aliyechora hakuacha namba ya simu.

Sasa punguza mwendo. Hapa ndipo watu hutupotea.
Kibao hakuna. Kilikuwepo,
leo ni mlango wa banda la kuku la Amulen.
Pinda kulia penye mkwaju.
Hapana, mkwaju haupo, uliliwa na tanuri la makaa
mwaka ule wa njaa,
lakini pinda hapo hapo.
Utapita duka la Okwii. Duka limefungwa,
umebaki ukuta na tangazo la sabuni lisilo na sabuni.
Halafu daraja
ambalo mvua ya Mei iliondoka nalo;
pita kando, kwenye mchanga, gia ya kwanza,
usikanyage breki katikati.

Usinifokee, Wamimbi.
Unasema nakuelekeza kwa vitu visivyokuwepo.
Kwetu mtu husema, "Tukutane mkwajuni,"
na sijasikia bado aliyemkosa mwenzake.

Ukiona mabati ya Ngora yaking'aa, umetupita.
Ukiona maji na mayungiyungi, umetupita zaidi,
omba chai kwa wavuvi ndipo urudi.
Kalodong ni nyumba kumi na moja,
kumi na mbili ukihesabu ya Asio
aliyehamia Kampala akaacha ufunguo kwangu.
Kila Jumamosi naifagia.
Vumbi la mtu asiyekuwepo, sijui hutoka wapi.

Ramani ya simu yako inaonyesha nini hapo?
Kijani kitupu?
Ndipo hapo. Hicho kijani ni mtama wangu.

Na giza likikukuta, zima injini, teremsha kioo.
Utasikia jiwe likikwaruza jiwe,
taratibu, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kusema jambo zito.
Huyo ni mama mkwe, Akiteng. Mfuate.
Anasaga wimbi la ugali wako wewe
uliyembebea mashine ya kumpokonya kazi.

Nimemweleza. Nimemwambia debe zima kwa dakika tano.
Hakuinua uso.
"Ikifika," akasema, "nitaisikiliza kwanza."
Jiwe lake la chini limechimbika hata mvua hulala humo
na shomoro huja kuoga asubuhi.
Alilikuta hivyo kwa mkwe wake,
naye mkwe wake alilikuta hivyo.
Mimi nililikuta nikaweka pesa,
miaka minne, shilingi juu ya shilingi,
kwenye kopo la majani ya chai,
nikiusikia mlio ule alfajiri
na bega langu likiuma kabla ya zamu yangu.

Haya. Salio linakwisha.
Njoo polepole, mashine isichubuke.
Watoto nimewatanguliza barabarani na tochi moja.
Utawakuta wamesimama
penye mkwaju.